Jumapili Tulizomwachia Bibi Mtandao

Kuna harufu moja ambayo ikinipitia puani hunirudisha Msalato bila nauli: harufu ya vumbi linalopata moto juu ya plastiki. Majuzi Baba aliniita nimsaidie kutoa vitu sebuleni kwa sababu mafundi rangi walikuwa wanakuja, na nyuma ya sahani za wageni, zile ambazo wageni wenyewe hawajawahi kuzilia, nikaikuta ruta yetu ya zamani. Nyeusi, antena moja imefungwa selotepu. Nikaichomeka ukutani nione kama bado nzima. Taa zikawaka, ikaanza kupata joto, na vumbi la miaka yote ile likaanza kunuka. Baba aliingia akanikuta nimekaa sakafuni ninalia, mtu mzima na akili zangu. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akaitazama ile ruta pamoja nami mpaka fundi rangi alipogonga geti.

Wenzangu mliokulia Dodoma miaka ile mnakumbuka ilivyokuwa. Serikali ilikuwa inahamia, nyumba zinaota kama uyoga, na kila mwenye kiwanja Msalato alijiona tajiri ingawa alishinda akila vumbi. Baba alikuwa mtumishi wa wizara. Alijenga mapema, wakati majirani zetu walikuwa upepo na mbuzi wa watu. Uani alijenga vyumba vya kupangisha. Kimoja alikaa Dada Neema, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa anamalizia mwaka wake wa mwisho. Kingine alikaa Bwana Lameck, mtu wa Iringa, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maneno yaliyosemwa vikaoni: anavaa hedifoni, anasikiliza, anachapa, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Nyumba kubwa tulikaa sisi: Baba, Mama, kaka yangu Shabani, na mimi.

Intaneti ililetwa na mafundi waliopanda juu ya bati wakafunga kisahani kinachotazama mnara. Walipomaliza, mkubwa wao aliweka ruta juu ya kabati la vyombo, akatutangazia kama mtu anayefungua mradi: "Laini ni moja tu, lakini hii hapa itawagawia wote." Na kweli ikatugawia. Kompyuta ya mezani ya sebuleni, ya Shabani chumbani kwake, ya Dada Neema, na ya Bwana Lameck ambayo ilikuwa mbali kidogo, ikabidi ivutiwe waya kupitia dirisha la jikoni.

Mimi sikuhitaji maelezo zaidi, kwa sababu jambo lenyewe nililijua tayari. Tulikuwa na tanki moja juu ya mnara wa matofali, na maji ya mjini yalikuja kwa mgawo. Mtu akifungua bomba la bafuni, la jikoni linatoa uzi. Basi intaneti nayo ilikuwa kwenye tanki, na tanki ndiyo ile ruta. Kila nilipopita kabatini nilikuwa naitikisa kidogo na kutega sikio, nijue kama imejaa.

Sasa niwaambie kuhusu Mama. Mama yangu hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta Kolo, kule Kondoa, akiwa mtoto anayejifunza kutembea, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Shule za watoto kama yeye zilikuwa mbali, na Bibi, mama yake, alikuwa mjane mwenye shamba la kulima. Kwa hiyo walitengeneza lugha yao, wao wawili, shambani na jikoni, neno moja leo, lingine msimu ujao. Kufunga jicho kwa kiganja ilikuwa kesho. Kushika kichwa kama mtu anayezuia ushungi usipeperuke ilikuwa Dodoma, kwa ajili ya upepo wake. Baba alikuwa kidole kilichochomekwa mfukoni mwa shati, mahali anapoweka kalamu. Shabani alikuwa sikio lililovutwa, kwa ubishi wake. Mimi nilikuwa kidole shavuni, penye kishimo changu.

Baba aliijua lugha hiyo kwa kiasi cha kumtosha kuoa. Kaka na mimi tuliijua ya nyumbani: njoo, kula, acha, nitakuchapa. Lakini lugha yenyewe, ile yenye utani na umbea na kusutana, ile ambayo mtu anaweza kueleza ndoto au kulalamikia wifi yake, walikuwa nayo watu wawili tu duniani. Simu ya kawaida haikuwafaa kitu. Bibi hakujua kusoma, na Mama alijua kuandika jina lake na bei za vitambaa, maana alikuwa fundi cherehani. Wakitaka kuongea ilibidi waonane.

Kabla ya mwaka ule haikuwa shida. Tulipanda basi la Kondoa, tukavuka mji, tukashuka Kolo tukiwa wekundu wa vumbi, na Mama alianza kuongea kabla hajashusha mzigo, kwa mkono mmoja. Lakini mwaka ule alipata mimba ya mdogo wetu, na mimba yenyewe ikawa ya kubembelezwa. Daktari akamwambia alale na asipande gari la aina yoyote mpaka ajifungue. Baba akahamishia kitanda sebuleni, akakiweka mbele ya kompyuta ya mezani, akapachika kamera juu yake. Mjomba Hamisi, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa na simu nzuri kule Kolo. Kila Jumapili alasiri, siku ambayo hakuwa na gulio, alimtoa Bibi uani kwenye mwanga, akapindua kinu, akaweka juu yake chupa ya chai, na kwenye chupa akaegemeza simu.

Salamu za Bibi zilikuwa safari nzima. Mama anashika utosi na kuinamisha kichwa: shikamoo. Bibi anainua kiganja kama anayepokea kitu kutoka chini: marahaba. Kisha nyumba, mume, watoto mmoja mmoja kwa jina la kila mmoja, mimba, mvua, mtama, mbuzi, na majirani wote wa Kolo kwa zamu, pamoja na yule ambaye Bibi aligombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila swali lilijibiwa na kurudishwa. Kwa Bibi, kuruka salamu kulikuwa sawa na kuingia nyumba ya mtu kupitia dirishani. Zikiisha, ndipo mazungumzo yanaanza, na hapo mikono ilikwenda kasi mimi nikaachwa nyuma nikitazama kama ninayetazama mtu akipeta nafaka.

Jumapili za kwanza zilikuwa balaa. Bibi akiwa katikati ya neno, mkono wake ulikuwa unaganda hewani, kisha picha inaruka na mkono unatokea mahali pengine kabisa. Mtu anayesikia, picha ikiganda, angalau sauti inabaki. Mama hakuwa na cha kubaki nacho. Alikuwa akisogea karibu na kioo, anakisia, anauliza tena, mwishowe anajilaza na kutazama dari. Ilikuwa wazi maji yanaishia wapi: Shabani alikuwa akicheza mpira kwenye kompyuta na watu asiowajua, Dada Neema anapandisha kazi zake za chuo, Bwana Lameck anashusha sauti za vikao vya wiki nzima.

Baba akatoa amri. Jumapili alasiri laini ni ya Mama, wengine wote wazime. Msimamizi nikawa mimi. "Kama kuna bwana shamba na bwana afya," alisema, "basi wewe ni bwana mtandao." Cheo kilikuwa cha kiume, nilikipokea hivyo hivyo. Nilizunguka uani kwa ukali ambao hata Baba hakuwa nao.

"Dada Neema, shikamoo. Baba amesema zima."

"Marahaba, mdogo wangu. Subiri kidogo tu, sura ya tatu inapanda kwa mwalimu wangu."

"Mama ameshafika kwenye mbuzi."

"Haya, haya. Nimezima, njoo uone mwenyewe."

Na mimi kweli niliingia kuona mwenyewe. Bwana Lameck hakungoja kuambiwa. Alichomoa waya akautoa nje ya dirisha lake, ukaning'inia pale ukutani ili kila anayepita aone kwamba hauko mahali. Shabani ndiye aliyehitaji vita, na vita nilikuwa navyo.

Kuganda kukaisha. Kwa muda tulikuwa na Jumapili nzuri sana, za picha safi, na Mama akawa anacheka mpaka Baba anamwonyesha kwa ishara ajihurumie tumbo. Kisha, sijui ni lini hasa, mikono ya Bibi ikaanza kwenda polepole. Haikuganda wala haikuruka. Ilipanda taratibu, ikakaa, ikashuka taratibu, kama mtu anayeinua ndoo imejaa. Salamu ambazo zilikuwa zikiisha kabla chai haijapoa zikaanza kula nusu ya muda, kisha zaidi ya nusu.

Baba akasema mtandao unaburuta. Sote tukakubali, maana mtandao ulishatuzoesha kuwa ndio mwenye makosa. Leo kila mtu anajua kwamba mtandao mbovu hauwezi kumfanya mtu atembee polepole; unamkata vipande tu. Lakini nani kati yetu alijua wakati ule? Tulikuwa watu wa mgawo. Kitu kikipungua, tulijua kuna mahali kinavuja.

Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niliweza kumfuata Bibi. Nilikaa miguuni pa kitanda cha Mama, chini ya upeo wa kamera, nikawa narudia kila ishara kimyakimya mapajani mwangu: nyumba, mume, mvua, mtama. Neno ambalo zamani lilinipita kama nzi sasa lilikuwa likisimama nilitazame. Nikawa najifunza salamu zote, na moyoni nikawa nauombea mtandao usitengemae haraka. Nilitaka siku moja nimshangaze Mama.

Baba yeye alikuwa vitani. Alipanda juu ya bati akakifuta kile kisahani vumbi kwa kanga ya Mama. Alibadilisha neno la siri, akihisi majirani wanaiba. Aliwapigia simu wenye mtandao akawagombeza kwa Kiswahili cha barua. Alimpokonya Shabani waya wa kompyuta akaenda nao kazini kwenye begi. Jumapili moja, nilipomhakikishia kwamba wote wamezima na bado mikono ya Bibi inaburuta, alitoka uani na kusimama mbele ya mlango wa Bwana Lameck.

"Bwana Lameck, una hakika hakuna kitu kinashuka hapo?"

"Baba Shabani, waya huo hapo ukutani."

"Siku hizi kuna vitu vinashuka vyenyewe. Hata bila waya."

"Mzee wangu, kwa heshima," Bwana Lameck alisema, na sauti yake haikupanda, "Jumapili ndiyo siku yangu ya kumalizia kazi ya wiki. Ninakaa bila kufanya kitu mpaka jua linazama, na Jumatatu nagombezwa na wakubwa. Sijalalamika. Lakini usiniite mwizi."

"Mke wangu anaongea na mama yake! Wewe una masikio yanayofanya kazi wiki nzima, unashindwa kumwachia alasiri moja?"

Dada Neema, aliyekuwa anafua bombani, aliinama kwenye beseni lake. Mama alikuwa ameona midomo kupitia dirishani, akaniuliza kwa mikono kuna nini. Nikamwambia: wanagombania mtandao, kwa sababu Bibi anakwenda polepole. Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akageukia ukutani akajifunika shuka, mchana ule wa joto.

Jumapili iliyofuata, kabla sijazunguka, Bwana Lameck alitoka na kompyuta yake imefungwa, akaiweka kwenye ngazi ya mlango wetu mkubwa mahali ambapo Baba hawezi kupita bila kuiona, akaenda kukaa kivulini upande wa pili. Dada Neema akaleta yake akaiweka juu ya ile. Baba alizitazama zile kompyuta mbili, nikaona aibu inampanda shingoni, lakini hakuzirudisha. Alihitaji kujua.

Hiyo ndiyo siku ya majogoo. Nyumba yetu yote ilikuwa imezimwa, hata simu ya Baba. Laini nzima, kutoka mnarani mpaka kwenye kioo, ilikuwa ya Bibi peke yake. Na Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, anainua mkono kuulizia mvua ya Dodoma, na mkono unapanda, unatetemeka kidogo, unapumzika njiani. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwa hasira. Ndipo kutoka upande wa zizi wakatokea majogoo wawili, mmoja anamkimbiza mwenzake. Walipita nyuma ya Bibi mbio, mabawa nje, manyoya yanaruka, wakazunguka kigoda, wakapotelea upande wa pili. Walikwenda kasi ya majogoo. Mkono wa Bibi ulikuwa bado haujafika juu.

"Baba," nikasema. "Majogoo hawajakwama."

"Nini?"

"Wale majogoo nyuma ya Bibi. Wanakimbia vizuri tu."

Nilikuwa natoa taarifa kama bwana mtandao. Sikuwa nimeelewa nilichokisema. Nilielewa nilipogeuka na kumwona Baba, kwa sababu hasira yote ilikuwa imemtoka na uso umebaki mtupu. Alikwenda kabatini, nyuma tu ya kitanda, akasimama mbele ya ruta akiwa ametugeuzia mgongo, kana kwamba anazisoma taa. Mabega yake yakashuka. Mama, bila kuondoa macho kwenye kioo, alinyoosha mkono mmoja nyuma, akapapasa mpaka akalipata shati la Baba, akalivuta. Baba alipogeuka, Mama akamwambia kwa mkono huohuo neno moja ambalo hata mimi nililijua siku nyingi.

Najua.

Baba alitoka nje kumpigia Mjomba Hamisi baada ya picha kuzimwa. Nilimfuata, hakunifukuza. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Mjomba alikuwa na sauti kubwa ya watu wa gulioni, nikasikia karibu yote. Mwili ulikuwa umeanza kulegea tangu mavuno, upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Walishampeleka hospitali Kondoa, wakapewa dawa na maneno ya kuwatayarisha. "Shemeji, alinikataza," Mjomba alikuwa akisema. "Kaniapisha. Kasema binti yangu ana mimba ya shida, asibebeshwe maradhi yangu. Kasema yeye atakaa kwenye mwanga na kujitahidi, mkeo hatajua." Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Lakini Bibi alikuwa akimficha mtu aliyelelewa na mikono ile, aliyejifunza dunia nzima kwa kuitazama. Nani wa kumficha?

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Mama kwa nini alituacha tuhangaike hivyo, tuzime kila kitu, Baba agombane na watu, wakati yeye alijua tangu mwanzo kwamba mtandao ni mzima. Alikuwa anakata kitambaa, akaweka mkasi chini ili mikono iwe huru. Alinijibu kwamba mama yake alipokuwa na kasi, picha ikiganda aliweza kukisia, kwa sababu neno lililopotea lilikuwa moja kati ya mengi. Lakini mtu anapobakiwa na maneno machache, na kila moja analiinua kwa taabu, huwezi kukubali hata kidole kimoja kipotee njiani. Aliihitaji laini yote. Na kuhusu kusema, aliniambia hivi: mama yangu alitaka nisijue, na mimi nilitaka apate alichokitaka.

Baba alimwomba radhi Bwana Lameck jioni ileile, mbele yetu sote, bila kujizungusha. Akamwambia kisa chote. Bwana Lameck akasema, "Pole sana, Baba Shabani. Mwambie mama asijali." Jumapili zote zilizobaki, yeye na Dada Neema waliendelea kuleta kompyuta zao ngazini, ingawa hakuna aliyewaomba. Shabani akaleta na yake. Mimi sikuwa na kazi tena, nikavuliwa cheo bila kutangaziwa.

Mara ya mwisho Bibi hakukaa kwenye kigoda. Mjomba alikuwa amemlaza mkekani, amemwinulia kichwa kwa mto, na simu ameishika mwenyewe juu yake, nayo ilikuwa inatikisika. Mikono ya Bibi ilikuwa imelala pembeni, viganja juu. Mama akasalimia. Akashika utosi, akainamisha kichwa. Akangoja. Kisha, alipoona hakuna mkono utakaoinuka, akainua kiganja chake mwenyewe akajiitikia marahaba. Akauliza nyumba, akajibu nzuri. Akauliza mbuzi, akajibu wazima. Akamwulizia kila jirani, pamoja na yule wa mpaka wa shamba, na hapo akamjibia Bibi kwa ishara ya kusonya, na macho ya Bibi yakacheka. Yalikuwa yanafumba kwa kila jibu, polepole, kukubali. Mama alizimaliza salamu zote za pande mbili, peke yake, amelala ubavu na tumbo lake kubwa, bila kuruka hata jirani mmoja. Zilipoisha, kwa desturi mazungumzo ndiyo yalikuwa yaanze. Wakabaki wanatazamana mpaka simu ya Mjomba ikaishiwa chaji.

Bibi alifariki katikati ya wiki hiyo. Baba na Shabani wakaondoka na basi la asubuhi kuwahi maziko. Mama hakuruhusiwa kuinuka. Wanawake wa Msalato walikuja kukaa naye, wema wao siwezi kuusahau: walipika, walisoma, walilia, walimshika mabega na kumpa pole kwa midomo. Naye aliitikia kwa kichwa kila mmoja. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya shuka, haina kazi, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko kilio chochote. Nilikuwa mtoto, lakini nilihesabu upesi: watu waliokuwa na ile lugha walikuwa wawili, sasa yuko mmoja, na mtu mmoja ataongea na nani?

Baba alirudi, wageni wakapungua. Alasiri moja nikamkuta Mama macho wazi anatazama kioo cha kompyuta kilichozimwa. Nikapanda kitandani, nikakaa mbele yake nikiwa nimekiziba. Nikashika utosi wangu, nikainamisha kichwa.

Alinitazama. Akainua kiganja, kidogo tu.

Nikaendelea. Nikamwulizia nyumba, nikamwulizia mume kwa kidole mfukoni, watoto, mimba, mvua, mtama. Nilikuwa nazijua zote, nilikuwa nimezifanyia mazoezi mapajani mwangu miezi yote ile, na nilizifanya kwa uangalifu mkubwa, hivyohivyo nilivyoziona: mkono unapanda taratibu, unapumzika njiani, unafika. Alinijibu moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye mbuzi nikaona machozi yanamtoka, nikadhani nimekosea, nikaanza kuirudia ile ishara polepole zaidi.

Akanikamata mikono yote miwili. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

Hakuwa hivi, akaniambia. Mama yangu hakuwa hivi.

Nilikuwa nimejifunza kwa mgonjwa. Salamu nilizokuwa nazo ndani ya vidole vyangu zilikuwa na ugonjwa wa Bibi, na pumziko lake, na mtetemo wake. Mama akaniweka sawa mbele yake, akainuka akakalia mto, jambo alilokatazwa, akafunika mikono yangu kwa yake na kuanza upya. Utosi, kiganja, nyumba, mume, sikio, shavu. Nilipochelewa alinisukuma. Mvua, mtama, mbuzi, jirani, jirani, jirani wa mpaka, haraka, tena, haraka zaidi, mpaka vidole vyetu vikawa vinagongana na mimi nikapotea nisijue ni mikono ya nani inayoongea. Alikuwa analia na hakusimama. Hakuniachia mpaka nilipoweza kwenda peke yangu kwa mwendo wa mama yake.